Kifuniko cha Kopo la Chaki

Mwalimu wetu wa uchoraji wa mitambo hakuwahi kufunga kitu kwa kukizungusha mbele moja kwa moja. Iwe ni nati, iwe ni kifuniko cha chupa ya maji, alikiweka mahali pake, akakizungusha kinyume polepole huku ameinamisha kichwa, mpaka nyuzi za juu, ile mikato inayozunguka, zikaangukia penye nyuzi za chini na kutoa kimlio kidogo. Hapo ndipo alipogeuza mkono na kukaza. "Usilazimishe," alituambia. "Irudishe nyuma kwanza. Itakuambia yenyewe." Mwanafunzi akilazimisha nati mpaka ikapanda upande, Mwalimu alikunja uso kama aliyeguswa jino bovu, na asubuhi yote ilikuwa imeshaharibika.

Alitufundisha katika chuo cha ufundi kule mjini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika chumba chenye madirisha marefu na meza za kuchorea zilizokwaruzwa na vizazi vya bikari. Sote alituita Injinia. Aliyefaulu aliitwa Injinia na aliyeshindwa kuchora mraba aliitwa Injinia, na ulilazimika kusikiliza sauti yake ili ujue kama umesifiwa au umetukanwa. Mimi mara nyingi nilitukanwa.

Kulikuwa na duka moja Kirinyaga Road alikopenda kutupeleka, la Kalasinga mzee aliyeuza bolti, nati na skrubu za kila aina, zimejaa kwenye makopo ya rangi mpaka darini. Hao wawili walikuwa na mchezo wao. Kalasinga alichomoa bolti yoyote, akamrushia. Mwalimu alifumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya nyuzi, akataja ukubwa wake, na kama zilikatwa kwa inchi au kwa milimita. Aliyeshindwa alinunua chai. Kwa miaka niliyokuwa pale sikumwona Mwalimu akinunua chai. Kalasinga alitikisa kilemba, akamwambia, "Wewe mtu mbaya sana, bwana," kisha akaagiza chai kwa darasa zima.

Katika kuchora alikuwa na amri moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja mara mbili: nyuzi za skrubu hazichorwi. Unachora mistari miwili kandokando ya shina, unaandika ukubwa, basi. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilikaa jioni mbili nikichora bolti yenye kila uzi wake, na vivuli nikaweka. Aliitazama kwa muda mrefu sana, nami nikaanza kuvimba kichwa.

"Injinia, hii ni nzuri," akasema. "Mpelekee mama yako aitundike sebuleni."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alichukua penseli, akachora mistari miwili pembeni ya kazi yangu, bila rula, iliyonyooka kama imepigwa na mashine. "Yule anayekaa kwenye mashine ya kukereza anajua nyuzi zinafanana vipi," akasema. "Ukimchorea moja moja, unamwambia yeye ni mjinga. Mheshimu. Mistari miwili, atajua."

Amri yake ya pili ilihusu kona ya chini ya karatasi, upande wa kulia, penye kijisanduku chenye nafasi mbili za majina: Amechora, na Amekagua. Kwake yeye aliyechora hakuwa na kosa. Kosa lolote lilikuwa la aliyekagua, kwa sababu huyo ndiye aliyeangalia akasema sawa. Wakati mmoja bawaba za lango la chuo zilitengenezwa fupi kwa mchoro wa mwenzetu mmoja, lango likakataa kufunga, na mkuu wa chuo akamwita kijana wa watu ofisini akimtishia kumfukuza. Mwalimu aliingia bila kubisha hodi, akaitandaza karatasi mezani, akaweka kidole kwenye ile kona. "Soma hapa," akasema. "Jina langu hilo." Jumamosi iliyofuata alikuja na ovaroli akatengeneza bawaba nyingine peke yake. Yule kijana alipotaka kumsaidia, alifukuzwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kila mahali. Nyumbani kwake Mutuini, pembezoni mwa mji, katika nyumba ya mawe aliyoijenga na marehemu mkewe, hakukuwa na rafu moja iliyolala sawa. Mtu aliyegombana nasi kwa ajili ya nusu milimita alikuwa na kabati la vyombo lililoinama hata sahani zikajikusanya upande mmoja. Ugali aliupika kwa kukisia na kila mara ulitoka na mabonge. Alikuwa bahili wa alama kupindukia, ulimi wake ulikata, na aliweza kukunyima salamu wiki nzima kwa sababu ya penseli butu. Lakini siku moja alinituma nipande darini kwake kutafuta bomba, na huko juu nikakuta michoro yetu, ya wanafunzi wa miaka yote, imefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka na kufunikwa na nailoni ili isinyeshewe. Ile bolti yangu ya sebuleni ilikuwamo. Nilishuka nikamwambia bomba sikuliona, na wala sikusema nilichokiona.

Kompyuta zilipoletwa chuoni, zile zenye monita nene, aliziita televisheni za wavivu. Halafu, muhula mmoja baadaye, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujifunza programu ya kuchora, akawapita walimu vijana wote. Tulimtania kwamba ameokoka. Wakati huohuo alianza kutuita ubaoni tumchoree. "Injinia, njoo utuonyeshe," alisema, akaketi kitini na mikono ameibana kwapani. Tulidhani ni mbinu mpya ya kufundisha. Nikaja kumkuta peke yake ofisini na kikombe cha chai, mkono wa kulia unacheza na wa kushoto umeushika kwa nguvu, chai imemwagika hadi kwenye soksi. Aliponiona aliigeukia kompyuta, akabonyeza mara mbili, na mstari ukatokea pale kwenye skrini, umenyooka kabisa.

"Hii haitetemeki," akasema. Hatukulizungumza tena jambo hilo kwa miaka kadhaa.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi katika ofisi moja ya usanifu huko Hurlingham. Tulikuwa na mashine ambayo wakati huo watu walikuja kuitazama kwa zamu: unaipa umbo ulilolichora kwenye kompyuta, nayo inayeyusha waya wa plastiki na kulijenga umbo hilo tabaka juu ya tabaka, ili mteja ashike sampuli mkononi kabla ya kugharamia kitu chenyewe. Mwalimu, ambaye sasa alikuwa amestaafu, alikuja kuiona. Aliinama mbele ya kioo chake karibu saa nzima.

"Sasa hii inaelewa mistari yangu miwili?" akauliza.

"Haielewi kitu, Mwalimu. Kama nyuzi hazipo kwa umbo lenyewe, hazitoki. Lazima uiambie kila kitu."

"Kumbe ni mjinga."

"Ni mjinga kabisa."

Alicheka mpaka akashika meza. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kadhaa, na hakuna hata moja inayonifurahisha leo.

Ugonjwa ulikuwa umemzidi. Alipewa vidonge vya kumeza mara nne kwa siku, katika chupa zenye vile vifuniko vya kubonyeza chini kisha kuzungusha, ambavyo watoto hawawezi kufungua. Wala yeye hakuweza. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyefanya kazi benki na kukaa Kileleshwa, alienda kumwona akamkuta ameibana chupa ya dawa kwenye jiliwa, ile taya ya chuma ya kushikia kazi, ameipasua kwa msumeno, na vidonge vimetapakaa kwenye vumbi la chuma. Alitaka kumchukua siku hiyohiyo. Wakabishana mpaka Mwalimu mwenyewe akatoa sharti: apewe mpaka mwisho wa mwezi. Akiweza kujifungulia dawa zake, atabaki nyumbani kwake. Akishindwa, atafunga mlango, ampe binti ufunguo na kuhamia kwake.

Nilimwuliza kwa nini asizitie vidonge kwenye bakuli. Baridi na ukungu wa Mutuini vingeviharibu, akanijibu. Halafu akaongeza, "Na bakuli ni ya mtu amekubali kushindwa."

Alikuwa na kopo la alumini alilolikereza mwenyewe zamani, mikono yake ikiwa mizima, ili kutuonyesha nyuzi nene zinavyokatwa. Darasani aliwekea chaki. Nyuzi za mdomoni mwake zilikuwa pana kama kidole cha mtoto, na hazikufuata kipimo cha dukani. Hata Kalasinga asingepata cha kulifunika. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea tangu karakana ya chuo ihamishwe. Mwalimu aliwaza kuvihamishia vidonge humo: nyuzi nene kiasi hicho, zikipewa kifuniko chenye nafasi ya kutosha na mdomo uliopanuka kidogo, hata mkono unaotetemeka utazishika bila kupanda upande. Ule mtetemo wenyewe utakirudisha kifuniko nyuma mpaka kiangukie mahali pake. Alinichorea kifuniko hicho kwa penseli, ili mashine yetu ikitoe. Mistari ya mchoro ule ilitikisika kutoka mwanzo hadi mwisho, ila vipimo vyote vilikuwepo na kila kimoja kilikuwa sahihi. Niliukunja nikautia mkobani, na nilipofika kituoni nililia.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kujenga nyuzi za kweli katika programu ile kulikuwa kazi: unachora umbo la jino, unalizungusha kupanda ukuta wa ndani wa kifuniko kwa hatua moja, yaani umbali uleule kati ya uzi na uzi, na kompyuta yetu ilikuwa ikifika katikati inaganda. Lakini kulikuwa na njia ya mkato. Programu ilikubali kubandika picha ya nyuzi juu ya ukuta laini, kwa ajili ya wale ambao watapeleka karatasi kwa fundi. Kwenye skrini picha hiyo inapendeza, hata kivuli inacho. Ukuta wenyewe unabaki laini. Niliibandika nikisema moyoni nitaibadilisha baadaye, maana Mwalimu alikuwa njiani anakuja kukagua na nilitaka akute kitu kizuri.

Alikuja. Aliketi kwenye kiti changu, akakigeuza kile kifuniko kwenye skrini huku na huku, akasoma hatua, akasoma kipenyo, akatingisha kichwa kukubali. "Andika jina langu," akasema. "Amekagua." Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu enzi za Kirinyaga Road. Sikumwambia kwamba anatazama picha. Baadaye jioni ile mashine ikabaki bila kazi, mwezi ulikuwa umebaki siku mbili, nikatuma faili jinsi lilivyokuwa nikaenda nyumbani. Ningependa kusema nilisahau. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemwona akifurahi nikajiona nimemaliza.

Asubuhi, Jumamosi, nilikitoa kifuniko kwenye mashine. Kwa ndani kilikuwa kimejaa ile plastiki hafifu ya kujazia, ambayo mashine huiweka ili umbo lisiporomoke na ambayo huchokolewa baadaye. Sikuona ukuta. Nilikifunga kwenye gazeti nikapanda gari la Mutuini.

Binti yake alikuwepo tayari, amesimama karibu na lile kabati lililoinama. Mwalimu alikuwa amevaa koti la kanisani. Kopo lilikuwa mezani, na vidonge vya wiki nzima vimo ndani. Alichukua bisibisi ndogo, akakibana kifuniko kati ya magoti, akaanza kuchokoa. Plastiki ikatoka vipande vipande. Nikauona ukuta, mweupe na laini, hauna hata uzi mmoja.

Yeye hakuacha. Aliendelea kuchokoa hali hakuna kilichobaki, bisibisi ikikwaruza ukuta mtupu, kwa muda ambao mpaka leo naweza kuupima. Nilidhani hajaona. Nilidhani macho nayo yameanza kushindwa. Nikaanza kulikunja lile gazeti.

"Daddy, nini mbaya?" binti akauliza.

Mwalimu akaweka bisibisi chini. "Haina nyuzi."

"Si mlisema mmeangalia kila kitu?"

"Niliangalia. Nilikagua mwenyewe, nikasema iko sawa."

"Wewe? Uliiangalia, haina thread, ukasema iko sawa?"

"Ndiyo."

Akakichukua kifuniko kile akakiweka juu ya kopo, akaliinua kopo, kana kwamba huenda likashika kwa huruma. Mikono ikatetemeka. Kifuniko kikateleza, na vidonge vikamwagika mezani, vingine vikaviringika mpaka chini ya kabati. Binti yake akapiga magoti akaanza kuviokota. Alikuwa analia bila sauti, na alipoinuka hakumtazama baba yake, alinitazama mimi. "Nilikuwa nafikiria ni mikono tu," akaniambia.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu: si akili yake, ni picha, mimi ndiye niliyeibandika. Lilikuwa neno dogo sana. Binti alikuwa na macho mekundu, Mwalimu alikuwa anatazama dirishani kuelekea kwenye majani ya ng'ombe aliyoyapanda nyuma ya nyumba, nami nikasema, "Pole sana." Kabla ya saa sita nilikuwa nimewasaidia kupakia sanduku kwenye gari.

Kujenga nyuzi zenyewe hakukunichukua zaidi ya siku mbili, nilipokaa chini. Kompyuta iliganda mara saba. Kifuniko cha kwanza kilibana, cha pili kililegea, cha tatu kikakubali, kwenye mdomo wa plastiki nilioutoa kwa vipimo vya Mwalimu, maana kopo lenyewe sikuwa nalo. Kisha kikakaa kwenye droo yangu kwa miezi mitano. Nilijiambia kazi ni nyingi. Nilijiambia Kileleshwa anatunzwa vizuri kuliko Mutuini, na hilo lilikuwa kweli, na halikunisaidia. Kutoka ofisini kwetu mpaka kwao ni mwendo wa miguu.

Nilipoenda hatimaye, nyumba ya Mutuini ilikuwa imepata wapangaji. Mwalimu alikuwa ameketi dirishani ghorofa ya nne, amekonda, ndevu amenyolewa na mkono wa mtu mwingine. Kopo lilikuwa kando yake, tupu. Binti yake alikuwa kazini. Dada wa kazi alinifungulia akarudi jikoni.

"Injinia," akasema. Sauti ilikuwa chini sana, nami sikuweza kujua ni ya sifa au ya matusi.

Nikampa kifuniko. Alifumba macho. Ilimchukua muda kutuliza kidole gumba, lakini kilipotulia alipitisha ukucha juu ya nyuzi, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.

"Hatua iko sawa," akasema. "Nani amekagua?"

"Mimi." Nikajilazimisha kuendelea. "Na ile ya kwanza, Mwalimu, ile uliona kwa kompyuta ilikuwa picha tu. Nilijua ni picha. Sikukuambia. Na siku ile sikumwambia binti yako."

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Hapo nikichokoa. Nyuzi niliziona kwa skrini kwa macho yangu, na mashine yako ni mjinga, haiwezi kuacha kitu kilichokuwepo. Basi ilikuwa picha."

"Sasa mbona ulisema ni wewe?"

"Nilisema nilikagua. Si nilikagua?" Akaongeza, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira: "Lakini nilikungojea. Plastiki iliisha, mimi nikaendelea kukwaruza, nikisema wacha nimpe nafasi, atasema. Nikakwaruza, nikakwaruza."

Akakiweka kifuniko juu ya kopo. Mkono ukatikisika kama alivyokuwa amekadiria, kifuniko kikayumba, kikarudi nyuma kidogo, kikatoa kile kimlio. Akageuza mkono, akakaza. Kikashika. Akakifungua, akakifunga tena, peke yake, bila msaada wa mtu yeyote.

Saa ya ukutani ikagonga. Dada wa kazi akaja na glasi ya maji na kidonge kwenye kijiko, na Mwalimu akaliweka kopo chini, akafungua kinywa.